Mzee Kiilu Muthoka na Ploti Ambayo Hakuwahi Kuiona

Wasifu huu umeandikwa na Kalondu, mtoto wa kwanza wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Baba yake mdogo, Mzee Mwau, alimsihi aache habari za ploti ya Ngoingwa, kwa sababu aliyelala hasemwi. Kalondu alikuwa tayari kuziacha. Aliyekataa ni mama yake, Kavindu. Jumatano vijana watatu wa kanisa walifika nyumbani Ruiru kutoa pole, na kabla chai haijapoa wakauliza kama wanaweza kupewa vile vitabu vya mzee, vile vya kutafuta utajiri. Mama akawajibu, "Mtapewa vyote arobaini na kimoja. Lakini mtavichukua pamoja na habari zake." Kisha akamgeukia bintiye. "Andika yote. Hawa ni watoto wa watu." Basi haya ndiyo yote.

Mzee Kiilu alizaliwa tarehe 2 Machi 1961, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge upande wa Kilimambogo, mashariki mwa Thika. Alikuwa mtoto wa pili wa hayati Muthoka na hayati Kalondu, ambaye mwandishi alirithi jina lake. Muthoka alikata mkonge miaka ishirini na tisa na hakuwahi kumiliki hata mahali pa kupanda mchicha. Alipofariki mwaka 1984 alizikwa katika makaburi ya umma. Mvua za El Nino za mwaka 1997 zilipopita, Kiilu alikwenda kupalilia kaburi la babake akalikosa. Alizunguka pale mchana kutwa na jembe begani, akarudi nyumbani, akasema neno moja tu: yeye hatazikwa pale. Watoto wake walikua wakilisikia neno hilo kama wengine wanavyosikia amri za Mungu.

Alisoma shule ya msingi pale pale shambani, akafaulu, akaingia sekondari mwaka 1976. Alifika kidato cha pili. Karo ilipokosekana, mwalimu mkuu alimwita ofisini, akampa kamusi ya Kiingereza iliyochanika jalada, akamwambia, "Kiilu, shule imekuacha, wewe usiiache." Kamusi hiyo bado ipo nyumbani. Kalondu huamini kwamba vitabu vingine vyote vilikuja kwa sababu ya hiyo.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini Thika, kwanza akifagia, baadaye akiendesha mashine ya kufuma. Ndipo alipokutana na Mzee Omondi, ambaye tunaye hapa leo, amekaa mstari wa mbele na kofia yake mapajani. Walifanya kazi mashine kwa mashine miaka ishirini na miwili. Tarehe 31 Oktoba 2003 wanaume wanane wa zamu yao walipewa barua za kuachishwa kazi kwa siku moja. Mzee Omondi anasema, na ameruhusu iandikwe, kwamba wanne kati ya hao walikunywa hadi wakafa, na yeye mwenyewe nusura awe wa tano. Kiilu hakunywa. Alikwenda kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, akanunua kitabu chenye picha ya mtu aliyevaa suti, akakaa nacho. Mwaka uliofuata alipata kazi ya stoo ya chakula cha mifugo Ruiru, akahamisha jamaa yake huko, na kitabu kikapata wenzake. Kwa hiyo anayetaka kusema vitabu vile havikumsaidia mtu, aanze kwanza kwa kumuuliza Mzee Omondi.

Kabla ya hapo, tarehe 10 Desemba 1988, alikuwa amefunga ndoa takatifu na Kavindu katika kanisa la Makongeni. Mungu akawajalia watoto wawili, Kalondu na Mumo. Alikuwa baba mpole mwenye kanuni nyingi. Kila siku baada ya chakula cha jioni alivaa miwani, akafungua kitabu, akasoma kwa sauti, akitafsiri Kiingereza kwa Kikamba huku akipiga mistari kwa kalamu nyekundu. Mama alikaa mkabala naye akichambua maharagwe ya kesho. Hakuna aliyejua kama anasikiliza. Mumo akiomba viatu, baba aliuliza, "Hicho ni kitu unachohitaji au ni kitu unachotaka?" Siku moja Mumo, akiwa darasa la tano, alijibu kwamba anachohitaji ni baba wa kawaida. Mzee alicheka hadi akavua miwani, na viatu vikanunuliwa. Karo haikuwahi kuchelewa. Kalondu alimaliza chuo kikuu Juja bila kufukuzwa hata mara moja, kwa sababu bahasha ya karo ilikuwa haiguswi hata nyumba ikilala njaa. Hilo nalo liandikwe.

Sasa ploti. Mwaka 1996, kwa mkopo wa ushirika wa kiwanda, Mzee Kiilu alinunua ploti Ngoingwa, nje kidogo ya mji wa Thika. Alijenga msingi wa vyumba vitatu. Jumapili baada ya kanisa alitupeleka pale tukasimama ndani ya vyumba visivyo na kuta, akatuonyesha: hapa jikoni, hapa mtalala, na kule nyuma karibu na ua ndipo mtakaponilaza. Mama alikuwa akicheka na kumwambia asimtishe.

Kisha kitabu kimoja kikamwambia kwamba nyumba unayolala ndani yake si mali bali ni mzigo, kwa kuwa haikutilii chochote mfukoni. Mwaka 2013 watu walikuwa wamepagawa na kware. Kila kona ya Ruiru ulisikia yai la kware linatibu hiki na kile, na bei ilikuwa ya kutoa macho. Mzee aliweka mambo mawili pamoja. Mzee Omondi alipopata habari, alikuja kutoka Thika kumzuia.

"Kiilu ndugu yangu, huyo aliyeandika kitabu ana nyumba au hana?"

"Omondi, wewe husomi."

"Sisomi, ndiyo. Lakini nauliza, usiku analala wapi?"

Mzee alimjibu kwamba pesa lazima zifanye kazi hata mwenyewe akiwa usingizini. Aliuza Ngoingwa mwezi wa Septemba, akanunua kware mia sita na mashine mbili za kutotolea vifaranga. Kware kweli walifanya kazi usiku kucha, kwa makelele, ila sisi ndio hatukupata usingizi. Kufika Februari kila mtu alikuwa na kware na hakuna aliyekuwa akinunua yai. Tulikula kware wa kukaanga, kware wa mchuzi, kware na ugali, mpaka Mumo akaomba Mungu amletee sukuma wiki kavu. Msingi wa Ngoingwa sasa umebeba ghorofa nne za mtu mwingine. Mzee hakuwahi kulalamika. Alinunua kitabu kingine, cha kueleza kwa nini watu hushindwa mara ya kwanza.

Kuanzia hapo tukawa wapangaji wa kudumu, na lile neno lake la makaburi ya umma likawa halisemwi tena nyumbani. Kalondu anakiri kwamba alimkasirikia babake kwa miaka kadhaa. Alipita Ngoingwa kwa boda boda mara moja, akamwambia dereva azunguke njia nyingine.

Machi 2024 Mzee Kiilu alianza kuvimba miguu. Hospitali ilisema ni figo. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na alikwenda kila mara na kitabu, akiwashauri wagonjwa wenzake waweke akiba. Mwezi wa Julai mwaka huu alilazwa. Siku moja saa ya kutembelea wagonjwa, alimwita Mzee Mwau karibu na kitanda, akamwambia kwa sauti ya mtu anayepanga bei ya unga, "Mimi mnichome. Nimeulizia. Hakuna haja ya kutafuta shamba." Mzee Mwau akainama. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuchomwa. Kalondu alisimama na chupa ya uji mkononi, akajua kwamba baba amelinganisha yale makaburi ya umma na kuchomwa, na ameona heri kuchomwa. Hakulia. Alianza kuupoza uji.

Kesho yake Mama alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa vumbi la unga, kwa sababu ulikuwa umekaa chini ya pipa la unga nyumbani. Ndani yake mlikuwa na hatimiliki. Mzee aliomba miwani. Aliisoma mara mbili, hata akapapasa kifua akitafuta kalamu nyekundu.

"Jina hapa ni la nani?"

"Langu, Baba Kalondu."

"Hii ni ya mwaka elfu mbili na kumi na tisa."

"Ndiyo. Tulinunua na chama cha akina mama wa soko. Tuko kumi na wawili, kila mtu na kipande chake. Iko upande wa Kilimambogo, kule ulikozaliwa."

"Pesa ulitoa wapi?"

"Kila Jumamosi ulinipa za jikoni. Na mimi nilikuwa na mboga zangu sokoni. Si ulisoma kwamba mtu ajilipe yeye kwanza? Nilitoa sehemu ya kumi nikaipeleka chamani kabla sijanunua hata chumvi. Hayo mengine uliyosoma sikuyashika. Nilishika hilo moja."

Mzee aliisoma mara ya tatu. Halafu akauliza, "Miaka sita. Mbona hukuniambia?"

"Ungeuza."

Kalondu alidhani atakasirika. Mumo naye alitazama dirishani. Mzee aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akamrudishia mkewe.

"Ningeuza," akasema.

Kisha akauliza kama ukisimama kwenye ploti mlima unaonekana. Mama akamwambia unaonekana wote, asubuhi hata mawingu hayaufikii. Kuanzia siku hiyo hakutaja tena kuchomwa. Alichotaja ni Jumamosi. Daktari alikubali akipata nguvu atoke tarehe 30 Agosti kwa saa chache akaione ploti, na Mzee Omondi akatafuta pikapu yenye kiti kizuri cha mbele. Mzee alimtuma Mumo amnunulie viatu vya kukanyagia matope. Mumo akamuuliza, "Hicho ni kitu unachohitaji au unachotaka?" Akajibu, "Nataka." Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho tuliyomsikia akisema hivyo.

Alhamisi tarehe 28 Agosti 2025, saa nne na nusu asubuhi, Mzee Kiilu Muthoka alipumua mara ya mwisho, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne. Viatu vilikuwa chini ya kitanda.

Kalondu bado hajalia. Watu wamemwambia ni sawa na wengine wamemwambia si sawa. Anasema ni kama ile ganzi ya kung'olewa jino: unajua kuna kitu kimetoka, unagusa mahali pake, husikii. Ameandika haya akiwa hivyo, na ikiwa kuna mahali amekosa heshima, asamehewe.

Vijana wa kanisa, vitabu viko kwenye katoni mbili karibu na hema la chai. Chukueni. Mama anasema msome, ila msisome mkiwa peke yenu. Kila mstari mwekundu msomeeni mtu anayechambua maharagwe, na mkimaliza mmuulize yeye ameshika nini.

Marehemu ameacha mjane, Kavindu. Watoto wawili, Kalondu na Mumo. Mkaza mwana mmoja, Mbinya. Mjukuu mmoja, Kiilu mdogo. Ndugu mmoja, Mzee Mwau. Rafiki mmoja ambaye ni zaidi ya ndugu, Mzee Omondi. Na akina mama kumi na mmoja wa soko la Ruiru, ambao leo ni majirani zake.

Alivikwa vile viatu. Leo, Jumamosi tarehe 6 Septemba, amechelewa wiki moja tu. Baba, hii ndiyo ploti. Karibu nyumbani. Mlima unaonekana wote.

Apumzike kwa amani mahali ambapo tutamkuta tukija kupalilia.