Mkojo Ulioote­shwa

Asalaam aleikum, kina mama wenzangu. Nanyi wa kanisani, nawasalimu kwa salamu yenu. Nitasema jambo la aibu, tena mbele ya mavyaa, mamake mume wangu, basi mniwie radhi.

Nikiwa na mimba nilianza kuchomwa nikikojoa. Zahanati hapa Utange wakanipa vidonge. Nikavimaliza vyote, wallahi, hata vile vilivyonitapisha. Nikapata nafuu, kisha maumivu yakarudi. Nikapewa vingine, vile vya rangi mbili. Yakarudi. Mavyaa akasema ni chango, maumivu ya tumbo la uzazi, akaninywesha madafu mpaka nikiona mnazi nageuza uso. Msicheke, naye alikuwa akihangaika. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Maradhi haya umeyatoa wapi?" Nililia, kwa sababu hata mimi sikujua.

Mimba ilipokuwa kubwa homa ikapanda, kiuno kikakatika, mtoto akatulia tumboni. Jirani yangu wa bara ndiye aliyenitia kwenye tuktuk hadi hospitali. Nikalazwa.

Daktari akaja akaniambia, "Mama, mkojo wako tumeuotesha."

"Uote nini, daktari?"

"Wadudu waliomo. Tumewakuza maabara, kisha tukawajaribu kwa dawa."

Akazitaja dawa moja moja. Hii imeshindwa. Hii nayo. Ndugu zangu, nawaambia, nilizijua kwa rangi zake, ndizo nilizokuwa nimemeza. Nikauliza nimekosea wapi.

"Hujakosea. Mdudu huyu alikuingia akiwa ameshazizoea. Imebaki sindano moja. Tuombe ikubali."

Hapo ndipo nilipoishiwa. Mwenye kosa hutubu, mimi sikuwa na la kutubu. Nililala tu na dripu mkononi, nikingoja mtoto acheze. Alicheza asubuhi moja jirani akinisuka nywele. Kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini.

Ndiye huyo, amelala mapajani mwa nyanyake. Jirani, mavyaa, na daktari yule, Mungu awalipe. Nanyi, mkichomwa mkikojoa, na dawa ya kwanza isitulize, ombeni mkojo uoteshwe. Na vidonge vilivyobaki kabatini msigawiane.

Sindano ilikubali, nimepona, alhamdulillahi. Lakini sisemi nimeshinda. Daktari alinieleza kwamba yakirudi, hajui atanipa nini. Hadi leo nikienda chooni nashika mlango kwanza, naogopa kuchuchumaa.