Ngusa Magadula, Mkunjaji wa Migongo

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Ngusa Magadula, mhudumu wa afya katika chumba cha upasuaji cha hospitali yetu, atastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Katika muda huo wote hakuwahi kuchaguliwa mfanyakazi bora wa Mei Mosi. Mwaka mmoja cheti kilikwenda kwa daktari aliyekuwa masomoni ng'ambo tangu Januari. Ngusa alitumwa kukipokea kwa niaba yake, na alipigwa nacho picha: yeye na cheti.

Alizaliwa Didia, Shinyanga Vijijini, baba yake akiwa mchinjaji. Kwetu aliajiriwa kufagia. Siku ya tatu aliitwa kumshika mama mmoja aliyekuwa akitetemeka kabla ya upasuaji, na hakurudi tena kwenye ufagio. Kazi yake ikawa hiyo: kumkalisha mgonjwa ukingoni mwa kitanda, kumkumbatia kwa mbele na kumkunja mpaka pingili za mgongo ziachane, ili sindano ya ganzi ipate njia. Fomu ya tathmini ilipomtaka ataje lengo lake la mwaka, aliandika: "Kukunja watu." Ofisi iliirudisha ikimtaka aeleze kwa asilimia.

Hakusomea mwili wa binadamu, ila alikuwa ameona ng'ombe wengi waliopasuliwa. Kina mama wa huku huogopa sindano ya mgongo kuliko kisu chenyewe, wakiambiwa mitaani kwamba italemaza. Ngusa aliwaeleza akiwa amewashika. "Mama, uti wa mgongo ni bomba la mifupa. Ndani mna ugwe mweupe umetoka kwenye ubongo. Huo ndio unaopeleka habari mguuni na kurudisha habari ya maumivu kichwani. Lakini ukifika hapa kiunoni umekwisha. Chini yake ni mishipa ya fahamu tu, inaning'inia kama mkia wa ng'ombe. Sindano ikiingia, nywele za mkia zinasogea. Hakuna kinachokatwa."

Vitabu vyetu husema mkia wa farasi. Alipoelezwa hivyo, aliuliza ni nani hapa amewahi kumwona farasi. Mada ikafungwa.

Sasa tufike mwaka 2016, ambao kamati ya maandalizi ya kumuaga ilipendekeza tuuruke.

Adhuhuri moja aliletwa mchimbaji mdogo aitwaye Benjamini. Alikuwa ameangukiwa na mwamba ndani ya duara, lile shimo la dhahabu, upande wa Geita. Wenzake walimvuta juu kwa kamba, wakampakia mshikaki kwenye bodaboda, katikati ya watu wawili, kichwa kikiyumba njia nzima. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika, mfupa ukichungulia nje. Dakta Marcel, mpasuaji wetu, alikuwa amekwisha kunawa. Mtaalamu wa usingizi alikuwa kijana mpya, aliyejaa elimu, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa kuwa ndiye anayeandika wasifu huu.

"Baba Ritha, mkalishe umkunje," kijana alimwagiza Ngusa, sindano mkononi.

Ngusa alikuwa amemwinamia mgonjwa. "Shikamoo, mzee," mgonjwa alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mguu unauma?"

"Hauumi kabisa. Namshukuru Mungu."

Kijana naye alishukuru. Mgonjwa mtulivu ni raha. Ngusa hakushukuru. Alimpa Benjamini vidole viwili, akamwambia avibane. Kiwiko kilikunjika vizuri, lakini vidole havikubana. Kisha aliweka kiganja kifuani pake akangoja. Tumbo lilipanda na kushuka; kifua kilitulia kama gunia.

"Daktari, huyu simkunji."

"Tunachelewa, Baba Ritha!"

"Simkunji. Mfupa uko nje na halii. Habari ya mguu haifiki kichwani, imekatikia njiani. Na njia hiyo inapita shingoni. Nikimkunja, nitamalizia ulichoanza mwamba."

Dakta Marcel aliuliza kwa sauti nani daktari humo ndani. Ngusa alipiga magoti nyuma ya kichwa cha mgonjwa, akakishika kwa mikono miwili, na hakukiachia. Ana watoto wanne na alikuwa na ajira moja.

Kwa kuwa kichwa kilishikwa, upasuaji haukuwezekana, ikabidi apigwe picha ya shingo. Wakati tukiingoja, kijana alitumia muda vizuri: aliandika taarifa kwamba mhudumu amekaidi amri halali. Picha ikarudi. Pingili ya shingo ilikuwa imepasuka na kusogea, ikiubana ugwe bila kuukata. Tulipomkwaruza unyayo, kidole gumba cha kushoto kilijongea kidogo. Njia haikuwa imefungwa yote. Tukausafisha mguu na kuufunga akiwa amelala vilevile, bila sindano ya mgongo, kisha akapelekwa Mwanza amelazwa juu ya mlango wa stoo uliong'olewa bawaba, Ngusa akiwa pembeni yake, ameshika kichwa kilometa zote hizo.

Aliporudi alikuta barua ya kujieleza. Alijibu kwa mstari mmoja: "Nilikataa kwa sababu alikuwa halii."

Baada ya miezi minane Benjamini alikuja kwa miguu yake, akiwa na fimbo, mguu mmoja ukiburuta. Alileta mbuzi wa shukrani kwa Dakta Marcel, kwani jina lililosomeka kwenye karatasi ya rufaa lilikuwa lake. Ngusa aliitwa kumshika mbuzi asikimbie. Mwandishi alimuuliza baadaye kama hakuumia. "Mtu anatembea," alisema. "Mbuzi ni mbuzi."

Mwandishi hakusema siku ile alichopaswa kusema, wala miaka tisa iliyofuata. Anakisema sasa mbele ya watumishi wote: Ngusa alikuwa sahihi, nami nilikuwa mjinga mwenye cheti. Wagonjwa wengi niliowahudumia vizuri baada ya hapo, nilianza kwa kuwauliza swali lake.

Nafasi yake imekwisha kutangazwa. Mwombaji awe na ujuzi wa kompyuta.

Alhamisi iliyopita nilijaribu mwenyewe kumshika mgonjwa, mama aitwaye Dorah, mwanafunzi wangu akichoma sindano. Nilimweleza habari za ugwe na mkia kwa ufasaha, naye akazidi kukakamaa. Ngusa alinong'ona kutoka mlangoni: "Umesema vya kutosha. Mshike tu mpaka apumue." Nikanyamaza. Mama akapumua, mgongo ukafunguka.

Wabeja sana, yaani asante sana kwa Kisukuma, Baba Ritha. Salimu Didia, umsalimu na Mama Ritha. Tunakuombea uzee mwema, usingizi mzito, na mikono ya kukushika siku utakayoihitaji.