Laban Buya na Vitunguu Visivyoliwa

Tarehe 30 Septemba 1958, Mzee Laban Buya atakabidhi jembe, ndoo na ufunguo wa stoo ya bustani, na utumishi wake wa miaka ishirini na tisa katika zahanati yetu hapa Garsen utakuwa umetimia. Nimeombwa niandike habari zake kwa ajili ya sherehe ya kumuaga. Nimekubali upesi kabla kazi hii haijapewa mtu mwingine, maana mimi mkunga nilikuwepo siku ile alipoingia wodi ya wazazi bila kubisha hodi, na ningependa jambo hilo lielezwe sawasawa.

Laban ni mtu wa kijiji cha Wema, kwa wakulima wa kando ya mto. Aliajiriwa mwaka 1929, kijana wa mikono mikubwa na maneno machache, ili afyeke majani. Haikuchukua muda akawa pia mchota maji, mchimba vyoo, mpiga kasia wa mtumbwi wa wagonjwa mafuriko yanapofunga njia, na mtu wa kuitwa nyoka akionekana chini ya kitanda. Bustani ya mchicha na ndizi iliyowalisha wagonjwa wetu miaka yote hiyo ni ya mikono yake. Tabia yake moja ilituchekesha sana: kila asubuhi aliikagua miche kwanza, akaisemesha, ndipo akaja kutusalimia sisi.

Mwaka 1951 Sista Hendrina, mwuguzi wetu mkuu, alirudi kutoka likizo kwao Afrika Kusini akiwa na gunia la matunguu ya maua aliyopewa na mama yake. Yalifanana na vitunguu vikubwa vya kupikia, nasi tukayaita vitunguu vya Sista. Alituambia kwamba hutoa maua ya rangi ya waridi, makubwa, yanayochanua juu ya bua tupu lisilo na jani hata moja. Akatuonya pia kwamba yana sumu. Miezi michache baadaye ikaja habari kwamba mama yake amefariki, na tangu hapo Laban akayachukua maua yale kama deni lake mwenyewe.

Kwa mtu aliyelelewa kando ya Tana, mmea ni maji. Laban alipanda kitalu kizima karibu na ukingo wa mto na kukimwagilia asubuhi na jioni, jua liwake lisiwake. Yakatoka majani mazuri, lakini ua halikuonekana. Kadiri maua yalivyokataa, ndivyo alivyozidisha ndoo.

Mwanzoni mwa 1953, akiwa na ndoo zake, aliteleza ukingoni akavunjika mguu. Alipelekwa Malindi, akalazwa huko kipindi chote cha joto kali. Sisi tuliobaki tulikuwa na wagonjwa wa kunywesha maji. Maua hayakupata hata tone. Majani yakakauka, udongo ukapasuka. Mkewe, Mama Sarah, alipokwenda kumtazama hakuthubutu kumweleza.

"Nikimwambia atatoroka na plasta yake mguuni," alituambia.

Laban alirudi baada ya mvua za kwanza, akitembelea fimbo. Hakukaa, hakunywa maji, alikwenda moja kwa moja kitaluni. Tulimfuata nyuma kwa wasiwasi, kwa kuwa siku mbili tatu hizo tulikuwa na kazi nyingi na hakuna aliyepita huko. Tukakuta mabua yamesimama kitalu kizima, na juu ya kila bua maua yamechanua.

"Kumbe ni mimi niliyekuwa nikiyazuia!" Laban akasema, akacheka mpaka ikabidi aketi chini.

Sista Hendrina alitoka akasimama karibu naye, machozi yakimtoka. "Kwetu huota yenyewe mlimani, Laban," alisema. "Sijawahi kuona mtu akiyamwagilia, wala sikuwahi kujiuliza."

Tangu siku hiyo maua yakaachwa na kiu yake wakati wa joto, na Laban akapata kitu kigumu kuliko kuchota maji, nacho ni kukaa bila kuchota.

Mwishoni mwa 1954 mto ulijaa na maji yakasogelea kitalu. Laban aliyafukua matunguu yote, akayatia guniani na kuyaning'iniza stoo yasiloane. Wiki hiyo ndipo alipofika mpishi wetu Chande, kutoka Mambrui, ambaye hakuwa amesikia lolote kuhusu maua. Aliuliza vitunguu viko wapi, akajibiwa kwamba vimo katika gunia linaloning'inia. Magunia yaliyoning'inia yalikuwa mawili.

Chande alimenya na kukata huku akitupigia kelele kutoka jikoni, "Vitunguu vya huku ni vya ajabu! Havitoi machozi hata kidogo!" Tulicheka. Hatukujua tunacheka nini.

Laban alipita nyuma ya jiko chakula kikiwa kimeshapakuliwa. Aliona maganda yametupwa jivuni, yenye nyuzi laini kama pamba, akayaokota na kuyatambua.

"Chande, umepika nini?"

"Mchuzi wa mbuzi, mzee. Umeshapelekwa wodini."

Akatupa fimbo. Mguu ule ulikuwa haujapata nguvu, lakini alikimbia nao. "Msile! Wekeni chini!" alipaza sauti wodi hadi wodi, akipokonya sahani mikononi mwa watu. Ikabaki wodi ya wazazi, iliyo mwisho wa jengo, ambamo Bilan, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa amejifungua alfajiri ile. Nilimwona Laban anakuja mbio, nikasimama mlangoni.

"Baba Laban, humu haingii mwanamume!"

"Nisamehe, binti yangu," alisema, akanipita.

Aliugeuzia ukuta uso wake, akanyoosha mkono nyuma na kulichukua bakuli lililokuwa mapajani mwa Bilan. "Mama, umekula?"

"Bado," Bilan alijibu, akijitanda shuka. "Nilikuwa nangoja upoe."

Laban aliketi sakafuni na bakuli lake, akalia. Sijawahi kumwona mtu mwingine akimshukuru Mungu kwa sababu mchuzi ni wa moto.

Waliokuwa wameonja walitapika mchana kutwa, na Chande, aliyeonja kama wapishi wanavyoonja, aliumwa kuliko wote. Jua lilipotua kila mmoja wao alikuwa anakunywa uji. Hatukumpoteza mtu.

Kesho yake Laban alilibeba gunia lile hadi shimo la taka, na kibiriti mkononi. Hakuna aliyemwagiza. Chande alimfuata akiyumba, akashika upande wa pili wa gunia.

"Mzee, usiyachome. Yapande mbali na jiko langu, nami nitajifunza kitunguu ni kipi."

Wakiwa bado wanavutana, akatokea mume wa Bilan akiuliza ni nani aliyeingia chumbani kwa mke wake. Laban alijitokeza. Yule bwana alimshika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia upesi. Alipoelezwa habari ya gunia, alisema, "Yapandwe, ila yazungushiwe miiba." Jioni hiyo wachungaji wake walileta miiba ya kutosha boma la ng'ombe.

Ndivyo maua ya mama yake Sista yalivyohamia penye mwinuko karibu na lango, ambako mto haufiki, mbuzi hawafiki, na mpishi hana safari. Kila mvua zikianza yanachanua, na wagonjwa wanaokuja kwa miguu kutoka Idsowe huyaona kabla hawajaiona zahanati.

Mzee Laban, tunakushukuru kwa maji uliyotuchotea na kwa mbio zile. Mama Sarah, ahsante kwa kutuazima mumeo muda mrefu namna hii. Sasa tunamrudisha Wema. Wiki iliyopita nilimuuliza atapanda nini shambani kwake. Hakufikiri hata kidogo.

"Mpunga," alisema. "Mpunga na ndizi. Vitu ambavyo mtu akivila, mimi nalala."

Basi ulale vizuri, baba yetu, na maisha yawe mema kwako na kwa nyumba yako.

Mumina, mkunga, kwa niaba ya wafanyakazi wote