Roswitha Plöger, Kiungo wa Malishoni

Wasikilizaji wapendwa, leo tumekaa msibani. Roswitha Plöger ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na sita. Alikuwa kiungo. Alicheza katikati ya uwanja miaka kumi na tisa, na magoli aliyofunga hayazidi vidole vya mikono. Kazi yake ilikuwa kuwapa wenzake mpira. Timu ya taifa ya wanawake ilipoundwa, yeye alikuwa na miaka thelathini na nne. Hakuitwa.

Alizaliwa hapa hapa kwetu, kwenye nyumba za wachimba makaa ya mawe. Baba yake, mzee Alwin, makaa yalimla mapafu. Alipotoka shimoni akapewa kazi ya kutunza uwanja wa klabu, na nyumba ya kukaa ikaja na kazi hiyo. Kazi ikipotea, nyumba nayo imekwenda.

Wakati ule chama cha mpira kilikuwa kimezikataza klabu kuwapa wanawake uwanja. Roswitha, akiwa na miaka ishirini na moja, alikuwa amekusanya wasichana kumi, wengi wa kiwanda cha soksi. Wageni kutoka mji wa jirani walikuwa njiani. Jumapili asubuhi akamwendea baba yake.

"Baba, tufungulie. Dakika tisini tu."

"Sifungui."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na mama yako tutamlaza wapi?"

Mdogo wake, Irmtraud, anakumbuka: "Dada alitoka bila kunywa kahawa. Kwetu mtu akiiacha kahawa ya Jumapili, ujue amefiwa au amekasirika."

Wakaenda malishoni kwa mkulima, ng'ambo ya uzio wa uwanja. Ng'ombe walihamishwa, mavi yakabaki. Magoli yalikuwa fito za maharage. Wanaume waliotoka kanisani wakajipanga kutazama.

"Dada, sufuria inaungua huko nyumbani!" mmoja wao akapaza sauti.

"Kaiepue wewe, kaka, mimi niko kazini!" Roswitha akajibu.

Lakini mistari haikuwepo. Kila mpira ukawa ugomvi. "Umetoka!" "Haujatoka!" Mzee Alwin alikuwa anatazama kutoka upande wake wa uzio. Alivumilia dakika kumi. Kisha watu wakamwona anakuja, anakohoa, anasukuma kigari cha chokaa.

"Tokeni hapo," akasema. "Huu si mpira, hizi ni fujo."

Akavuta kamba, akapiga mistari. Hata mavi hakuyakwepa, aliyapaka chokaa juu kwa juu.

Katibu wa klabu akapiga kelele: "Alwin! Umesahau marufuku?"

"Marufuku ni ya uwanja, bwana. Haya ni malisho."

Kamati ilikaa siku ya pili. Ikausoma waraka wa marufuku mara mbili. Chokaa haikutajwa popote. Kazi ikabaki, na nyumba ikabaki. Mwaka uliofuata chama chenyewe kikaondoa marufuku.

Siku ile wasichana wetu walifungwa manne kwa moja. Irmtraud anasema baba na binti walirudi nyumbani pamoja. Karibu na mlango mzee akasema: "Unakaa na mpira mno. Mwachie mwenzako mapema."

"Dada akalia," anasema Irmtraud. "Baba hakuwahi kumwambia neno la mpira. Kumbe alikuwa anamtazama."

Kwako Irmtraud, na kwa ukoo wote wa Plöger, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: mtoto wetu anapopenda jambo tunaloogopa kumpa, tumewahi hata kusimama tukamtazama?

Mazishi ni Ijumaa, saa tano asubuhi. Wasikilizaji wapendwa, twendeni tukamsindikize.