Akina Mama wa Dakika Sifuri

Mheshimiwa Mkurugenzi, Ndugu Mkuu wa Utumishi, wakuu wa vitengo, wageni waalikwa, familia ya mstaafu wetu mliokaa safu ya mbele, na ninyi wafanyakazi wenzangu mliosimama karibu na mlango ili muwe wa kwanza kwenye chakula: habari za mchana.

Nimepewa dakika tano za kumuaga Mama Kumi. Wageni, niwatoe wasiwasi: hana watoto kumi. Anao wawili, na bwana mmoja tu, yule pale anayecheka. Jina hilo tulimpa sisi wa chumba cha kompyuta, kwa sababu katika miaka yake ishirini na sita hapa hajawahi kuliamini faili lililohamishwa kutoka programu moja ya takwimu kwenda nyingine mpaka ashuke ghalani, achomoe madodoso kumi, yale ya karatasi yaliyojazwa kwa mkono, akukalishe mbele ya skrini na kuanza kukuhoji. "Umri?" Unasoma kwenye skrini: arobaini. "Watoto?" Wanne. "Paa?" Bati. Ukipiga mwayo, anaanza upya.

Je, yumo humu ambaye hajawahi kuhojiwa? Nyoosha mkono. Hakuna. Hata Mheshimiwa Mkurugenzi, siku ya kwanza alipopita kutusalimia, alijikuta kitini anajibu maswali kuhusu choo cha mwananchi asiyemfahamu.

Tulimcheka sana. Tulisema mashine imehamisha faili kwa dakika moja, naye anaitungia mtihani wa siku nzima. Tulisema anapenda vumbi la ghalani kuliko hewa safi. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, maana nilikuwa nimetoka masomoni, naijua programu mpya, na kila aliyenijua alijua kwamba naijua.

Basi nifike kwenye jambo langu. Miaka kumi na moja iliyopita tulifanya utafiti wa akina mama, na swali moja lilikuwa hili: unatembea dakika ngapi hadi zahanati ya karibu? Majibu hayo ndiyo yangeamua zahanati mpya ijengwe wapi. Nyuma ya mlima, akina mama wengi walishindwa kujibu, kwani hawakuwahi kufika zahanati yoyote. Wadodosaji wakaacha nafasi wazi, kama walivyoelekezwa. Faili likaletwa likiwa katika programu ya zamani, mtu mmoja wa kitengo chetu akapewa kulihamishia kwenye mpya. Katikati ya kazi programu ikakwama, ikauliza: nafasi tupu zijazwe nini? Mtu yule alikuwa na haraka zake. Akabonyeza sifuri.

Wengi wenu mmesimuliwa kisa hiki, na mmeambiwa aliyebonyeza ni Mama Kumi. Vumilieni kidogo.

Ripoti ikaandikwa, ikapambwa kwa michoro ya rangi. Ikasema kwamba nyuma ya mlima watu hutembea wastani wa dakika kumi na mbili tu. Raha iliyoje! Zahanati ya nini tena? Ripoti ilikuwa ikabidhiwe Ijumaa. Alhamisi mama huyu akashuka ghalani, akapanda na kumi zake, akamkalisha yule yule aliyehamisha faili. "Dakika za kutembea?" Sifuri. "Hapa pako wazi." Anayefuata? Sifuri. "Pako wazi." Kufika la tano akaamuru sifuri zote za kwenye skrini zihesabiwe, akavua miwani, akauliza kwa ule upole wake unaouma kuliko kofi: "Kwa hiyo, mwanangu, hawa akina mama mia mbili na kumi na wanne wanaishi zahanati? Wanalala wapi, kwenye benchi la wagonjwa?"

Ripoti ikacheleweshwa wiki mbili, madodoso yote yakapitiwa upya. Wakubwa wa wakati ule wakaja juu. Kikaoni wakauliza: nani kaharibu? Mama Kumi akasimama. "Tumekosea, tunarekebisha." Wakamuuliza tena, akawajibu hivyo hivyo. Kwa kuwa ndiye aliyesimama, barua ya onyo ikaandikwa kwa jina lake, nayo imo kwenye jalada lake mpaka mchana huu. Mwaka uliofuata nafasi ya mkuu wa kitengo ikatangazwa. Jalada likafunguliwa, barua ikasomwa, nafasi akapewa mtu mwingine.

Ndugu zangu, huyo mtu mwingine ndiye anayezungumza nanyi. Na aliyebonyeza sifuri ni mimi pia.

Naona kicheko kimekatika, wala sishangai. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha miaka kumi na moja, na naona aibu mbele yenu. Nilimwomba radhi mara moja tu, mlango ukiwa umefungwa. Akanijibu, "Zahanati imejengwa. Kachape kazi." Nikajifanya nimepewa ruhusa ya kunyamaza, huku najua sikupewa.

Mzee wangu, na ninyi wanawe, nawaangalia machoni. Mmeishi na habari kwamba mama yenu aliwahi kuharibu faili kazini. Hakuharibu faili lolote. Aliwaokoa akina mama mia mbili na kumi na wanne wasifutwe, akaniokoa na mimi, na aliyelipia ni yeye.

Mheshimiwa Mkurugenzi, barua yangu hii hapa, nimeisaini asubuhi, na yote niliyosema yamo. Huyu mama ni mtumishi wako mpaka saa kumi jioni. Sasa ni saa nane na nusu. Naomba lile onyo litolewe kwenye jalada lake leo, kabla hajarudisha funguo, ili atoke mlangoni akiwa safi kama alivyoingia. Lenyewe msilichane. Libadilisheni jina tu, liwekwe kwenye jalada langu.

Makofi, kama yapo, ni ya mama. Ahsanteni kwa kunipa masikio yenu.