Mwisho Anapigwa Picha Leo

Benchi letu liko nje ya mizani ya kupimia malori ya nafaka hapa Kolinek, Nebraska, na mtu akikwambia kuna benchi lenye akili kuliko hili kati ya hapa na Omaha, muulize amelikalia lini. Mimi naitwa Gunzi, kwa jina la kanisani Rollie Vavra, na kwa kunywa kahawa ya bure ya pale mizani sina mpinzani. Kulia kwangu hukaa Dizeli, anayetengeneza matrekta na kuharibu mazungumzo. Kushoto hukaa Askofu, muuza mbegu. Aliwahi kumpa lifti askofu wa kweli kwenye pikapu lake, maili nne tu, na mpaka leo hatujapumua kwa hadithi hiyo. Pembeni kabisa ni Milo Zabka, ambaye tangu darasa la kwanza tunamwita Mwisho, kwa sababu mwalimu akiita majina kwa mpangilio wa herufi, yeye ndiye anafunga daftari. Wote wanne tulikuwa tumalize sekondari mwaka themanini na nane. Tulimaliza watatu. Picha zetu zipo kwenye korido ya shule, ndani ya fremu moja kubwa, kila mtu na yai lake, yaani kidirisha chake chenye umbo la yai. Yai la Mwisho ni tupu. Jina lipo, uso haupo.

Jumanne ile Mwisho alikuja amenyoa ndevu.

– Leo saa kumi na moja napigwa picha, akasema, hata hajakaa.

Tulijua habari hiyo ilikuwa inakuja. Alikuwa amesoma jioni za majira mawili mazima ya baridi, akafanya mitihani aliyoiacha, na cheti amekipata mwezi wa tano. Mkuu wa shule akakubali uso wake uingie kwenye fremu. Lakini shule inahamia jengo jipya, na fremu ilifunguliwa siku hiyo moja tu. Kesho yake fundi wa vioo anaifunga kwa gundi.

– Kinachonisumbua ni nguo, akasema Mwisho. Nina shati hili la kanisani, na ile sweta ya Krismasi.

– Ile yenye kulungu? akauliza Dizeli.

– Hiyohiyo.

– Bora yai libaki tupu.

– Sibaki tupu mwaka mwingine hata mmoja, Dizeli. Ikibidi nitavaa gunia la mbegu la Askofu. Ila napigwa.

Askofu akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini ujue hotuba inakuja.

– Sikiliza, ndugu yangu. Kamera haipendi mistari. Haipendi bluu. Bluu inakula uso. Mpwa wangu alivaa bluu, picha ikatoka, mama yake akauliza huyu ni nani.

– Mpwa wako hata bila bluu mama yake huuliza, nikamwambia.

– Cheka tu. Kinachotakiwa ni suti ya bwana harusi. Nyeusi, na tai ya kipepeo. Tunaazima pale mjini kwa wale wa maarusi.

– Mtu wa miaka hamsini na tano, akadakia Dizeli, katikati ya watoto wa miaka kumi na saba, na tai ya kipepeo! Watamwona mhudumu wa hoteli. Hapana bwana. Ovaroli. Apande juu ya trekta langu la kijani, mkono mmoja kwenye usukani, macho yanaangalia mbali.

– Yai lenyewe sawa na kiganja, Dizeli. Trekta linaingiaje?

– Linaingia tairi.

Sasa hapo nikaona benchi linapotea, nikaingia mwenyewe, maana mambo ya kuvaa Mungu alinipa.

– Nyie wote hamjui kitu. Avae jezi ya mpira wa kwetu wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi, na yale madude ya mabegani. Madude yale yanapanua mabega, tumbo linajiona dogo linaona aibu. Halafu wigi. Nywele fupi mbele, ndefu nyuma, kama tulivyokuwa wote. Akikaa hivyo, hata marehemu mwalimu wetu Hruska angemdhani bado mwanafunzi, angemwambia akatoe takataka.

– Wigi sivai, akasema Mwisho.

– Wigi dogo tu.

– Gunzi, nimesema sivai.

– Mimi sikuhitaji wigi, akasema Dizeli akijishika upara. Nendeni mkaangalie picha yangu. Koti la kahawia, limekaa mwilini kama nimezaliwa nalo. Baba aliniletea kutoka Lincoln.

– Hata langu lilikuwa la kahawia, akasema Askofu. La sufu safi. Shangazi alilishona kwa mkono.

– Langu ndilo lilikuwa koti, nikasema. Lilitoka Omaha. Msichana mmoja alilitazama mpaka akajigonga kwenye mlango wa kabati la shule.

Mwisho alikuwa anapuliza kahawa yake iliyokwisha kupoa.

Ndipo akasimama mbele yetu mwalimu Maren Tesch, anayefundisha sanaa, mgeni aliyefika mwezi wa nane tu, kamera shingoni. Yeye ndiye mpiga picha.

– Habari zenu, wazee. Bwana Zabka, jua limekaa vizuri sasa hivi, tukichelewa litashuka nyuma ya ghala. Umeshachagua nguo?

– Tunashauriana, akasema Askofu.

– Basi nisaidieni. Asubuhi nilikuwa naisafisha ile fremu. Wavulana tisa, na wote tisa wamevaa koti moja. La kahawia, kifungo cha juu cheusi, cha chini cha kahawia. Nimeangalia kwa kioo cha kukuzia, ni lilelile. Lilikuwa la nani?

Lori likapanda mizani, likapimwa, likashuka. Dizeli akaanza kusafisha kucha zake, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu azaliwe. Askofu akatazama mawingu, na mawingu hayakuwepo.

Walimsubiri nani? Mimi. Basi nikasema, kwa sababu hata mwongo hufika mahali akachoka.

Mpiga picha wa enzi hizo alikuja shuleni wiki moja kabla ya siku tuliyoidhani sisi. Barua ilitumwa nyumbani, na mama pekee aliyeisoma mpaka chini alikuwa mama yake Mwisho. Mvulana bila koti hapigwi. Sisi tulikuwa na fulana za jasho. Mwisho akavua lake, akampa wa kwanza kwenye foleni, Dizeli, ambaye ni Bartos. Likatembea kwa herufi, yule anavua, huyu anavaa. Likafika kwa Askofu, ambaye ni Kucera. Likafika kwangu, Vavra. Nyuma yangu alibaki Zabka peke yake. Nikiwa kwenye kiti, natabasamu, wakaja kumwita mlangoni: mashine ya mahindi imemkamata baba yake mkono. Aliondoka na shati. Baba akapona, mkono haukupona, na shamba likamchukua mtoto moja kwa moja.

– Na koti? akauliza Maren.

– Nilimpelekea jioni ileile, nikasema. Nikakuta magari ya majirani yamejaa uani, nikaogopa kuingia. Nikasema kesho. Lipo kabatini kwangu.

– Mpaka leo? Dizeli akaruka. Gunzi wewe!

– Nilijua analo, akasema Mwisho taratibu. Mkewe alimwambia mke wangu: kuna koti halimtoshi na hataki litupwe.

– Mbona hukunidai?

– Nilikuwa nangoja uniletee.

Nyumbani kwangu ni mitaa mitatu. Nilikimbia, na mimi sikimbii. Niliporudi jua lilikuwa limebakiza kipande juu ya ghala. Mwisho akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, koti likagoma mabegani. Maskini, lilishonwa kwa mtoto ambaye alikuwa bado hajabeba kitu.

– Si neno, akasema Askofu. Hilo shati la kanisani nalo...

– Nyamaza, Askofu, akasema Mwisho. Dizeli, una kisu?

– Ninacho.

– Kata mgongoni. Juu mpaka chini.

– Mwisho, koti la mama yako hili.

– Mama alilinunua nipigwe nalo picha. Kata.

Dizeli akakata. Mbele likafungika vizuri, kifungo cheusi juu, cha kahawia chini. Nyuma likaachana kama mlango wa zizi. Mwisho akakaa kwenye benchi, mahali pangu pa katikati. Mimi nikapiga magoti nyuma yake kwenye changarawe, nikakusanya pande mbili kwa mikono yote, nikashikilia.

– Usiachie, Gunzi.

– Siachii.

– Tabasamu, bwana Zabka, akasema mwalimu.

– Hapana. Piga hivihivi.

Akapiga.

Ukipita kwenye korido ya jengo jipya utawaona: wavulana kumi na koti moja, na mmoja wao ana mvi. Mimi sikuonekana, nimejificha vizuri. Sasa watu wakiniuliza ni nani koti lilimkaa vizuri kuliko wote, nawaambia ni yule wa mwisho, na koti lile nalijua.