Kitambaa Chekundu cha Tangi la Tatu

Tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni, fundi mkuu wa maabara yetu ya tope atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Wengi wenu mnamwita Shangazi. Mimi niliyekuwa mtunza stoo hapo hadi nilipostaafu miaka sita iliyopita, nimeombwa kuandika wasifu wake. Naomba radhi mapema: mkono wangu ni mzito, na habari yenyewe si nyepesi.

Alipoajiriwa, maabara ilikuwa chumba kimoja chenye matangi matatu ya kioo na bomba linalovuja. Alipokea tope lililochotwa katika mtaro ulio nyuma ya kiwanda cha zamani cha betri, akalitia tangini, akachomeka kijiti cha kaboni kila upande, kisha akapitisha umeme hafifu kwa wiki kadhaa bila kukatiza. Risasi, ile metali ya betri yenye sumu, iliyojificha topeni husogea taratibu kuelekea upande hasi, na huko hunyonywa pamoja na maji. Wageni walikuja wakitarajia cheche, wakakuta tope limetulia tuli. Aliwaambia wawe na subira, kwani risasi haina haraka, kama bibi harusi anayeingia ukumbini.

Maji ya upande hasi aliyatia siki, maana yakipata ukali wa magadi risasi hugoma kutoka. Kila mwezi alifika stoo na madumu yake, nami sikuacha kumuuliza hiyo saladi ya pipa zima tutaionja lini. Alinijibu bila kutabasamu kwamba sahani yangu ameshaiweka kando, ina risasi kidogo tu.

Vipimo vyake ndivyo vilivyowezesha mtaro ule kusafishwa. Leo watoto wa shule ya jirani wanauvuka bila mwalimu kuwafukuza.

Lipo jambo moja ambalo limo katika faili lake, lakini si la kweli.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa, Jumamosi moja, umeme ulizimwa ili swichi kubwa ibadilishwe. Yeye alikuwa safarini kupeleka sampuli, nami nikamshikia zamu. Mke wangu alikuwa amelazwa, na saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imekaribia. Umeme uliporudi niliunganisha waya za tangi la tatu harakaharaka, chanya penye hasi, nikaondoka mbio. Kwa siku tatu risasi ilirudi kule ilikotoka. Kazi ya wiki tano, iliyokuwa ioneshwe kwa bodi Ijumaa ile, ikapotea.

Jumanne alipima, akaelewa. Aliniita pembeni, akasema, "Kaka, wewe una mgonjwa. Hili niachie mimi." Katika daftari la siku akaandika kwamba aliyekosea ni yeye, akatia sahihi. Bodi ilikuwa ikitafuta mkuu wa maabara. Jina lake lilikuwa la kwanza. Likaondolewa, wala halikurudishwa tena.

Mke wangu alifariki siku kumi baadaye. Shangazi alikuja msibani, akashinda jikoni akiosha vyombo, wala hakuligusa jambo lile. Nami nikanyamaza, kwanza kwa majonzi, kisha kwa woga niliouita majonzi.

Wiki hiyohiyo ya kosa langu alifunga kitambaa chekundu ukingoni mwa tangi, upande wa dirishani, panapokaa waya wa chanya, ule mwekundu. Vijana mmemtania miaka yote kuwa ni hirizi. La hasha. Alikifunga ili asitokee mwingine wa kukosea kama mimi, na kila kilipochakaa alikibadilisha.

Nimemwandikia mkurugenzi nikiomba ukurasa ule usahihishwe. Kabla ya kuituma barua nilimpigia Shangazi simu kumwomba ruhusa. "Umechelewa, kaka," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini andika." Kweli nimechelewa, cheo hakitarudi. Naomba radhi mbele yenu nyote, na mbele yake kwanza.

Anaondoka tangi la tatu likiwa katikati ya kazi, na kitambaa kipya amekwisha kukifunga. Dada yangu, ahsante. Tunakuombea afya, siku nyingi, na asubuhi zisizokudai chochote. Nanyi mnaobaki, tafadhalini: waya mwekundu, upande wa dirishani.